Msimpe Mgeni Jembe Kabla ya Kibali

Jumatano, tarehe kumi na moja Juni. Asubuhi rasharasha hapa Magogoni, mchana mawingu matupu na upepo wa kusi unaochezea mabati ya jirani. Nguo nilizofua jana bado mbichi.

Vijana wa chuo wameniomba niandike katika jarida lao kuhusu kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Niliwaambia, wanangu, mimi nimeishia darasa la saba, na daftari langu ni la mvua, wagonjwa na nani kazaa. Wakasema, hivyo hivyo, Mama Dama. Basi naandika. Nikikosea maneno nisahihisheni. Ila katika jambo la mgeni aliyemaliza masomo na anataka kufanya kazi, hapo msinisahihishe haraka, maana hapo najua ninalosema.

Nilianza kwa kufagia hosteli ya chuo. Watoto waliotoka nje, Wangazija, Wakongo, Waganda, Wasudani Kusini, walizoea kuja kwangu na pasipoti zao mkononi kwa sababu chumba changu kilikuwa karibu na lango na mimi nilikuwa sijui kumfukuza mtu. Mwisho chuo kikaona afadhali iwe kazi yangu rasmi: kuwakumbusha tarehe zao na kuwapeleka uhamiaji kule kisiwani Mombasa. Nikafagia karatasi badala ya sakafu, miaka mingi.

Aliyenifundisha ni Bwana Mwakio, Mtaita, karani wa usajili, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni na zote hazitoi wino isipokuwa moja. Siku ya kwanza alinikalisha akaniuliza, "Mama Dama, mwanafunzi wa kigeni akimaliza mtihani wa mwisho, ni nani?"

Nikasema, "Ni mhitimu."

"Kwa mamaye ni mhitimu. Kwa serikali ni mtu ambaye sababu ya kukaa kwake imekwisha. Pasi ya mwanafunzi ilimruhusu kukaa darasani. Haikusema dukani, haikusema hotelini, haikusema hata kwa mjomba."

Maneno hayo yalinikaa. Nimeyarudia kwa watoto wengi, na wote hucheka hapo kwenye mjomba, halafu nusu yao huenda kwa mjomba.

Sasa nyinyi mlioshika kazi hii baada yangu, na nyinyi wageni mnaosoma, sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda, kwa ufupi na kwa lugha yangu. Kibali cha kazi hakiombwi na mtu anayetaka kazi. Kinaombwa na yule anayetaka kumwajiri. Mwajiri aseme kazi ni ipi, kwa nini hakumpata Mkenya wa kuifanya, na Mkenya gani atafunzwa ili siku moja aishike. Kazi ikiwa ya hospitali, bodi ya taaluma hiyo nayo lazima ikutambue kwanza. Kwenda kujifunza kazi baada ya masomo, hata bila mshahara, nako kuna pasi yake. Waganda na Watanzania wengi walikuwa wakinijia kifua mbele: "Sisi Afrika Mashariki, Mama, hatuhitaji." Mnahitaji. Miaka yangu mliondolewa ada, hamkuondolewa kibali. Na yote haya hubadilika, kwa hiyo someni wenyewe tovuti ya uhamiaji siku hiyo mnayoomba, msiseme Mama Dama kasema.

Zamani tulikwenda na bahasha. Nakala za kila ukurasa uliopigwa muhuri, picha zenye masikio yote mawili, na salamu. Nilikuwa nawaambia, afisa msalimie vizuri kabla ya kumwekea shida yako mezani, naye ameamka na zake. Siku hizi ni mtandao. Bahasha haihitajiki, lakini mtoto anafungua akaunti kwa simu ya rafiki, rafiki anahama na laini yake, namba ya siri inatumwa Eldoret na mwenye shida yuko Kisauni. Fungueni kwa simu zenu. Na ombeni mapema, kabla hata hamjashonesha nguo za mahafali.

Lakini kosa kubwa la watu wetu si la mtandao. Ni la adabu.

Pwani hii kuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenyewe hangoji umwambie. Akiamka anatafuta ufagio, anashika mtoto, anakwenda dukani kwa mwenyeji akae kidogo ili mwenyeji akaswali au akale. Asiyefanya hivyo tunamwona hana malezi. Hapo ndipo watoto wazuri huharibikiwa, wale wavivu hawakamatwi.

Nilikuwa na kijana Mkongo, Justin, aliyesomea uhasibu. Alipomaliza, pasi yake ikawa inakaribia mwisho, akakaa kwa rafiki yake ambaye babake, mzee Baya, anauza vitunguu vya jumla Kongowea. Justin akawa anashuka sokoni na mzee kila alfajiri. Hakuna aliyemtuma. Siku moja wakaguzi wakapita. Justin amevaa aproni ya mzee, mteja yuko mbele yake, mizani inacheza.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasaidia tu, afande."

"Unalipwa?"

"Silipwi chochote."

"Sikuuliza hilo ili nikuachilie. Nimeuliza ili niandike."

Mzee Baya akaja juu. "Huyu ni mgeni wangu! Mlitaka nimwache nyumbani amekaa kama mtungi, na mimi mzee nabeba magunia?"

Yule mkaguzi, nasema kwa haki kwa sababu nilisimuliwa na mzee Baya mwenyewe aliyemkasirikia, alingoja kwanza mteja apimiwe vitunguu vyake. Kisha akasema, "Mzee, nyumbani kwako akufagilie mpaka ukuta. Hapa ni biashara. Biashara ina kazi, na kazi ina kibali."

Justin aliondoka nchini na alama mbaya kwenye faili lake la uhamiaji. Kampuni moja ya Changamwe ilikuwa ikimtaka kwa dhati, ikaomba kibali chake, ikangoja, ikachoka. Mzee Baya mpaka leo anasema walimwonea. Mimi sijui. Naona mzee hakuwa na ubaya na mkaguzi hakuwa na ubaya, na bado kijana aliharibikiwa. Tangu hapo kila mgeni aliyemaliza chuo nilimwambia: kushukuru kwako kufanyie nyumbani, si pale penye wateja.

Nimeeleza hayo ili mfahamu habari ya Nasra, ambayo imenishughulisha mwaka huu ingawa nimeshastaafu.

Nasra ni binti wa Ngazija, kule Komoro, amesomea mambo ya maabara. Hosteli ilipomtoa baada ya mahafali nilimchukua akakaa kwangu. Huniita koko, ndiyo bibi kwao. Daktari Kombo, mwenye zahanati Likoni, alimtaka mno, kwa sababu wagonjwa wengi kutoka Ngazija hufika kwake kutibiwa na karatasi zao zimeandikwa Kifaransa kitupu. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya kweli. Bodi ilikuwa imeshamtambua, kilichobaki kilikuwa kibali, na pasi yake ya mwanafunzi ilikuwa inaelekea ukingoni. Akikutwa kazini bila kibali, Likoni asingeiona tena.

Jirani yangu ni Mama Kahindi. Mwanawe Kahindi ana stashahada ya maabara na alikuwa amekaa nyumbani tangu apate hiyo stashahada. Siku aliyosikia kwamba ninahangaika na kazi ya Nasra alisimama kwenye ua, hakuingia, akanyoosha sauti ili na wa nyumba ya tatu wasikie.

"Hodi kwa wenye wageni!"

"Karibu, Mama Kahindi."

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza tu. Wewe Mama Dama, mtoto huyu Kahindi si ulimwosha wewe alipozaliwa?"

"Nilimwosha."

"Basi ungenizamishia palepale kwenye beseni kuliko haya. Unavuka feri kumtafutia kazi mtu wa kisiwani, na huyu unapishana naye kila asubuhi anachokoa meno!"

Nasra alikuwa ndani, anasikia kila neno. Nilipolitafuta neno la kumshinda niliona hana kosa. Sheria ile ya kumtafuta Mkenya kwanza iliwekwa kwa ajili ya mama kama huyu. Miaka yote nilikuwa naiona kama kizingiti cha kuwasumbua watoto wangu wageni. Siku ile iliniangalia kutoka upande wa pili wa ua ikiwa imejifunga leso.

Kesho yake nikaenda na Nasra kwa Daktari Kombo. Nikamuuliza, katika ombi lako, Mkenya wa kufunzwa umemwandika nani?

Akacheka. "Ah, Mama, hapo nimeandika jina la binamu yangu. Yuko Nairobi, anauza simu. Ni kujaza nafasi tu."

"Akija mkaguzi akataka kumwona?"

"Atakuwa amekwenda chai."

"Daktari, chai ya Nairobi ni mbali."

Nikamweleza habari za Kahindi. Nikamwambia pia, na nililisema mbele ya Nasra ili asije akasema namsema nyuma: kama Kahindi aweza kazi yote hii, mchukue Kahindi, nami nitamsindikiza Nasra kwao. Daktari akamwita kijana, akamjaribu. Kupima alijua. Mashine mpya ya damu hakuijua, na Kifaransa alikitazama kama mtu anayetazama bahari usiku. Ikawa hivi: Nasra ndiye anayehitajika, na Kahindi ndiye atakayefunzwa, kweli, si kwa kujaza nafasi. Ombi likarekebishwa likaenda.

Hapo ndipo ikatokea kichekesho. Kahindi ni Mkenya, hahitaji kibali cha mtu. Akaanza kazi Jumatatu iliyofuata. Mwanafunzi akawa kazini, mwalimu wake yuko kwangu anachambua mchele.

Mama Kahindi alipofahamu kwamba mwanawe ameajiriwa ili afundishwe na Nasra, na kwamba Nasra asipopata kibali daktari hatakuwa na sababu ya kumweka, aligeuka kama upepo. Asubuhi moja aliingia mpaka jikoni.

"Hujambo, Mama Dama?"

"Leo umepita ua?"

"Niache. Hicho kibali cha mtoto wetu kimefika wapi?"

"Mtoto wetu nani?"

"Nasra! Kwani tuna mwingine?"

Nasra alicheka mpaka akamwaga mchele.

Siku moja Nasra alikwenda zahanati kuchukua nakala ya barua ya ombi lake, nami nikamsindikiza. Tukamkuta bibi mmoja Mngazija ameketi na karatasi zake, amefunga tangu jana kwa ajili ya kipimo, midomo imekauka. Kahindi yuko kwenye mashine anatokwa jasho. Daktari Kombo alipomwona Nasra alifurahi kama aliyeona maji.

"Mwenyezi Mungu kakuleta! Vaa koti lile, shika hii damu mara moja tu. Dakika mbili."

Nasra akaniangalia. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Ni mtoto mwenye malezi, na mgonjwa ni bibi wa kwao.

Nikasema, "Daktari, pasi aliyonayo haijui koti."

"Nani ataona?"

"Wamo wagonjwa sita hapa, na mlango uko wazi."

"Mama Dama, wewe umestaafu, lakini una sheria kuliko askari wa lango! Bibi ana njaa huyu!"

"Naona ana njaa. Nami namwonea huruma. Nasra, kumsalimia mtu wa kwenu si kazi. Kumshika mkono si kazi. Kushika ile chupa ni kazi."

Nasra akarudisha mikono nyuma, akaikamatanisha kama mtoto wa shule. Akaketi karibu na yule bibi akazungumza naye Kingazija, habari za mashamba na nani wa nani. Kahindi akaendelea peke yake, polepole, akaharibu kipimo cha kwanza akarudia. Mwisho daktari akapeleka damu kwa zahanati nyingine, akamwambia bibi asile mpaka majibu yaje, isije ikabidi atolewe tena. Bibi wa watu alikaa na njaa mpaka alasiri.

Nililiandika hilo usiku huo katika daftari langu nikaliwekea alama ya kuuliza. Labda nilikaza mno. Daktari Kombo hakuwa mtu wa hila, alikuwa mtu mwenye mgonjwa mbele yake. Lakini ukiniuliza leo kama ningesema vingine, nitakwambia hapana. Yule bibi alikula alasiri. Nasra angekosa Likoni maisha yake yote.

Pasi ilipokaribia kwisha majibu yalikuwa hayajaja. Daktari akasema abaki tu, kibali kitamkuta hapa. Mama Kahindi akasema abaki, atamficha mwenyewe chumbani kwake, nani atamtafuta kwa Mgiriama kama yeye? Nasra akaniuliza mimi.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wako waliobaki wakafaulu, sitakudanganya. Na kuna pasi maalumu ya muda mfupi ambayo mwajiri huweza kuiomba, ila daktari amechelewa. Uamuzi ni wako. Nijualo mimi ni kwamba anayetoka kwa mlango hurudi kwa mlango."

Alitazama nje. Akasema, "Koko, nikibaki nitaamka kila siku nikitafuta la kufanya. Sijui kukaa. Nitakamatwa kwa sababu sijui kukaa."

Akakata tiketi mwenyewe. Kwenye uwanja wa ndege, Changamwe, afisa alifungua pasipoti, akaangalia tarehe, akaangalia tena kana kwamba hakuamini mtu anaondoka siku zake zikiwa bado zipo, akagonga muhuri. "Karibu tena, binti." Mimi nilikuwa nyuma ya kamba, nililia kidogo, Mama Kahindi akalia sana.

Halafu tukangoja. Kungoja ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo Bwana Mwakio hakunifundisha, nadhani hakuna aijuaye. Nilimkataza Nasra asirudi kwa ruhusa ya kutembea akidhani ataanza kazi huku akitembea. Ruhusa ya kutembea ni ya kutembea. Kahindi naye huko zahanati akawa anajifunza Kifaransa kwa simu, Nasra anamsomesha kutoka Moroni, akikosea anamwita kichwa cha papa. Mara mbili Daktari Kombo aliniambia kwamba hawezi kuendelea hivi, kijana yupo lakini mwalimu hayupo. Mara mbili Mama Kahindi alivuka feri akakaa pale zahanati kwenye benchi la wagonjwa, bila ugonjwa wowote, akimtazama daktari mpaka akaona haya.

Na nyinyi mtakaokwenda kusoma nje ya Kenya, haya ni yenu vilevile. Huko nako mtakuwa Nasra. Nchi nyingine humpa aliyemaliza muda wa kutafuta kazi, nyingine hazimpi, na mlango ukifungwa haufunguliwi kwa machozi. Ulizeni kabla ya mtihani wa mwisho. Mkifikia kwa shangazi mwenye saluni au mgahawa, mwosheeni vyombo vya nyumbani kwake. Mgahawani kaeni mle kama wateja. Atawaona mmekosa adabu, na afadhali hivyo.

Leo saa tisa nilikuwa nageuza zile nguo mbichi kwenye kamba, simu ikalia. Ni Kahindi. Sikumsikia vizuri, nyuma yake Daktari Kombo alikuwa anapiga kelele. Nikamwambia, "Sema taratibu mwanangu, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi! Wamekubali! Kimo kwenye akaunti, kimeandikwa jina lake!"

Nikamwambia asinisomee yeye, ampe daktari anisomee herufi kwa herufi, jina kama lilivyo kwenye pasipoti na jina la mwajiri. Akasoma. Yalikuwa sawa. Ndipo nikakaa chini, palepale kwenye mchanga.

Nasra nilimpigia mwenyewe. Nikamsomea kama nilivyosomewa. Kisha akasema, "Koko, koti lile, ni saizi yangu?"

Nikasema, "Kahindi amelivaa miezi yote hii. Utalifua."

Atafika wiki ijayo. Daktari amesema apumzike siku mbili kwanza, nami nimesema sawa, siku ya tatu mpe hiyo mashine yako. Mama Kahindi ameshatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyeleta kibali, kwa lile benchi. Sitamkatalia, maana kwa kweli sijui ni nani aliyekileta.

Jioni tumekula wali wa nazi na ng'onda, samaki mkavu, wa kuchoma, na mchicha. Mama Kahindi hakualikwa. Alikuja na sahani yake mwenyewe, akapakua mara mbili.